Kila Jiko na Saa Yake: Kula kwa Raha Dar es Salaam kwa Fedha Kidogo

Katika jiji la Dar es Salaam, ambalo kwa sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 5, wako walimu, makarani, mafundi, wanafunzi wa vyuo na wachuuzi wasiohesabika waliokwisha kujihukumu kwamba kula nje kwa raha ni jambo la wenye mali, na kwamba fungu lao wao ni kutia kitu tumboni upesi ili kazi iendelee. Hukumu hii naiona kuwa ni dhuluma ambayo mtu huifanyia nafsi yake. Jijini humu hupikwa maakuli ya kila namna, ya pwani na ya bara, ya Kihindi, ya Kiarabu na ya Kizungu, na sehemu kubwa ya maakuli hayo, aghalabu sehemu iliyo bora, huuzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato kidogo aweza kuilipa bila ya kukopa na bila ya kuwanyima wanawe. Kinachowapungukia wengi ni maarifa ya mahali na maarifa ya saa. Na katika maarifa hayo mawili, yale ya saa ndiyo makubwa zaidi, ingawa ndiyo yatajwayo kwa uchache.

Kila jiko la mjini lina saa yake, na chakula kilicho kizuri saa moja huwa kingine kabisa ifikapo saa tano. Alfajiri ni ya supu. Supu ya kongoro, ya utumbo na ya nyama ya ng'ombe hutokoswa usiku kucha juu ya moto mdogo, na mwenye kufika saa moja asubuhi hupewa bakuli la mchuzi mzito wenye utomvu wa mifupa, nyama ikiwa imelegea hata haihitaji kisu, ndimu na pilipili zikiwa pembeni, na chapati ikiwa imetoka juu ya chuma wakati huo huo. Ilhali mwenye kufika saa nne hulipa fedha zile zile kwa mchuzi uliokwisha kuongezwa maji mara nyingi na chapati iliyokakamaa. Vitumbua na maandazi navyo ni vya asubuhi, na ladha yao haivuki saa tatu. Tangu saa sita hadi saa nane mchana ni zamu ya wali na ugali. Alasiri ni ya mihogo ya kukaanga, bajia, kachori na juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Jua likishazama huwashwa moto wa mishikaki, wa kuku na wa ndizi kandokando ya barabara, na chipsi mayai, ambacho kimekuwa chakula cha vijana wa mjini kuliko kingine chochote, hukaangwa hadi usiku wa manane. Mtu anayetamani mishikaki saa nane mchana hana budi kwenda mahali penye jiko liwakalo mchana kutwa, na katika bei atakayotozwa umo mkaa ulioteketea wakati hapakuwa na mteja. Anayengoja magharibi hula nyama ile ile, tena iliyochomwa mbele ya macho yake, kwa fedha chache.

Mahali napo pana historia, na mwenye kuijua hupata faida. Sultani Majid bin Said wa Unguja aliuanzisha mji huu katika miaka ya 1860. Wakaja Wajerumani, na baada yao Waingereza, na katika enzi hizo za kutawaliwa mji ukagawanywa kwa kanuni za ujenzi katika sehemu tatu, Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na mitaa ya Waafrika, Kariakoo na Ilala, upande wa bara, uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi uwe mpaka baina ya sehemu mbili za mwisho. Kariakoo yenyewe ilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 ubaguzi huo ulipoteza nguvu ya sheria, lakini majiko hayahami upesi kama sheria. Hata leo mtu akitoka Kivukoni kwa miguu, akapita Posta, akakata mitaa ya Kisutu, akavuka Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo mpaka Msimbazi, safari isiyofikia saa moja, atakuwa amepita kwanza kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani, kisha kwenye mikahawa ya Kihindi yenye meza za marumaru na harufu ya bizari, kisha kwenye mabanda ya wali na samaki, na bei itakuwa imeshuka daraja baada ya daraja. Mwendo huo namshauri kila mgeni wa jiji aufanye kabla hajanunua chochote, ili ajue yuko wapi katika mji huu na tumbo lake liko wapi.

Sasa nimtaje mama ntilie, ambaye bila yeye jiji lisingefanya kazi hata siku moja. Jiko lake aghalabu ni banda la mabati au mwavuli mkubwa kando ya gereji, ya jengo lijengwalo au ya kituo cha daladala. Lina mabenchi mawili, meza iliyotandikwa kitambaa cha plastiki chenye maua, ndoo ya maji yenye bomba la kunawia, kipande cha sabuni, na safu ya sufuria zilizofunikwa, mkaa ukiwa chini yake kwa kiasi cha kutosha kuzitunzia joto tu. Mteja husema, "Shikamoo mama, nitilie wali maharage," naye hujibu, "Marahaba baba, mchicha au kisamvu?" na kabla jibu halijakamilika mkono wake umekwisha kushindilia wali katika bakuli dogo na kuupindua juu ya sahani, ukasimama kama kichuguu. Humimina maharage ya nazi upande mmoja, akaweka mboga upande wa pili, akagusisha pilipili ya kusaga ukingoni, na halafu, ikiwa ni mpishi mwenye murua, huchovya upawa katika sufuria ya samaki ambayo mteja hakuinunua, akanyunyiza mchuzi wake juu ya wali bila ya kuuliza na bila ya kudai senti. Mchuzi huo wa hiari ndicho kipimo changu cha jiko la kwenda tena. Mpishi anayeutoa ana imani na mchuzi wake, na anakutazama wewe kuwa mlaji kabla ya kukutazama kuwa mnunuzi.

Kwa bei za miaka hii sahani hiyo ni kiasi cha shilingi 2,000, ikipungua au kuzidi kidogo kwa kadiri ya mtaa, na yenye kipande cha samaki au cha nyama hufika 3,000 hata 4,000. Wako wadhanio kwamba bei hiyo ndogo ni dalili ya chakula kibaya, na dhana hiyo ni batili. Mama ntilie halipi kodi kubwa ya pango, hana friji wala umeme wa kupoza ukumbi, na orodha ya vyakula vyake ni fupi. Mchele ameununua Tandale, nyanya na vitunguu Ilala, ndizi Mabibo, kila kitu kwa kiasi kitakachokwisha siku ile ile, kwa kuwa kinachobaki saa tisa alasiri ni hasara yake. Kwa sababu hiyo chakula chake cha saa saba mchana aghalabu kina umri mdogo kuliko cha mgahawa mkubwa, ambacho huenda kimelala katika barafu tangu juzi. Iko sababu nyingine ya urahisi huo, nayo haifurahishi: kuamka kwake saa tisa usiku, kupepeta kwake, kuchambua maharage kwake, na kazi ya binti au mdogo wake anayeosha vyombo, vyote hivyo haviingii katika bei. Sahani ya shilingi 2,000 imelipiwa nusu na mlaji na nusu na mpishi mwenyewe.

Kwa ajili hiyo siafikiani hata kidogo na wale wanaombishia mama ntilie shilingi 500. Ziko bidhaa ambazo desturi ya mji ni kupatana bei, na nitazifikia. Sahani ya wali haimo miongoni mwake. Mwenye fedha pungufu na aseme wazi, "Mama, leo nina elfu na mia tano," naye atapakua kwa kadiri hiyo na heshima ya wote wawili itabaki. Tena watu hawa wamesumbuliwa vya kutosha na wakuu. Kwa sheria ya nguvu kazi ya mwaka 1983 wachuuzi wadogo wasio na vibali walisakwa Dar es Salaam na kuhesabiwa pamoja na wazururaji. Mwishoni mwa mwaka 2018 wakapewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, jambo lililowapa nafuu. Na mwaka 2021 wengi wakaondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa katika maeneo yaliyotengwa. Mlaji afahamu kwamba jiko alilolizoea laweza kutoweka kwa siku moja. Likitoweka, na aulize kwa fundi viatu au kwa muuza vocha wa jirani, ambao hujua siku zote mama amehamia wapi, na aufuate mchuzi huko uliko. Mpishi aliyehamishwa anahitaji wateja wake wa zamani kuliko wakati wowote.

Katika mitaa ya Kisutu, Uhindini ya zamani, raha ni ya namna nyingine. Yapo majiko ya Wahindi wasiokula nyama ambapo mtu huketi, huletewa sinia ya chuma yenye vibakuli vya dengu, vya mboga mbili tatu, vya maziwa mgando na vya achari, pamoja na wali na chapati laini, na mwandazi hupita na kuongeza mpaka mlaji aweke mkono juu ya sinia kuonyesha kwamba ametosheka. Bei yake inazidi ya mama ntilie, lakini mtu aliyekula sinia hiyo saa saba mchana hatahitaji chakula cha jioni, na hesabu ikifanywa kwa siku nzima huonekana kuwa ni rahisi. Huko huko huuzwa bajia za dengu, kachori na katlesi zenye chatne ya nazi au ya ukwaju, ambazo kwa shilingi 2,000 au 3,000 huwatosha watu wawili wenye maongezi marefu na chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi na iliki. Naamini kwamba hakuna mahali katika jiji letu ambapo fedha ndogo hununua ladha nyingi kiasi hicho, na ninasikitika kuona vijana wengi wakipita nje ya milango ile kwa kudhani kwamba si yao. Milango hiyo ni ya kila mtu, na wenye kuihudumia husema Kiswahili kama wewe.

Siku ya Ijumaa haina mfano. Wapishi wengi wa Kiswahili, wa Kiarabu na wa Kihindi hupika biriani siku hiyo, na kwa kuwa hupika chungu kikubwa kimoja kwa ajili ya watu wote watakaotoka msikitini, nyama huwa imekaa katika maziwa mgando na viungo kwa muda unaostahili, vitunguu vimekaangwa hata vikawa rangi ya hudhurungi, na wali wa zafarani umepikwa peke yake, punje moja moja, kama itakiwavyo. Biriani ya siku nyingine, katika jiko lisilo na wateja wengi, mara nyingi ni pilau iliyotiwa rangi na kumwagiwa mchuzi. Sahani ya Ijumaa si ya bei ndogo, na kwa hiyo naiweka katika fungu la anasa ya mwezi; lakini ni nyingi, na watu wawili wasio na tamaa huweza kuigawana kwa kuomba sahani ya pili tupu, ombi ambalo halina izara yoyote. Mwenye kufika baada ya saa nane mchana na asilaumu, kwa kuwa atakuta ukoko.

Baada ya chakula ni kahawa. Muuza kahawa wa Kariakoo, wa Magomeni au wa Ilala huweka birika lake juu ya kijiko cha mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vikiwa ndani ya ndoo ya maji, na kashata za njugu zikiwa kwenye sinia. Kikombe ni shilingi 100 au 200, na kwa bei hiyo mtu hununua pia haki ya kuketi kwenye benchi saa nzima na kusikia habari zote za mji, za siasa, za ndoa, na za Simba na Yanga. Mikahawa ya kisasa ya Masaki hutoza kwa kikombe kimoja fedha ambazo benchini zingewanywesha watu ishirini. Kahawa yao ni nzuri, sikatai, na viti vyao vina mito. Walakini mazungumzo ya benchi la kahawa hayapatikani huko, na mimi nayahesabu mazungumzo kuwa sehemu ya chakula.

Soko la samaki la Feri, hapo Kivukoni, lahitaji ujasiri kidogo na kuamka mapema. Huko ndiko kwenye kupatana bei, maana samaki huuzwa kwa mnada, na bei ya saa moja asubuhi, mashua zinapoteremsha, siyo bei ya saa tano wakati wenye mahoteli wamekwisha kuchagua. Mtu mmoja hawezi kununua kwa faida. Lakini wakikusanyika marafiki wanne, wakachanga, wakanunua kolekole mmoja mkubwa au fungu la changu au la vibua, wakalipa ujira wa kuparuliwa magamba, kisha wakalipeleka kwa wakaangaji waliopo hapo hapo na karai zao kubwa za mafuta yanayochemka, watakula samaki ambaye saa chache nyuma alikuwa baharini, kwa sehemu ndogo ya bei ambayo samaki huyo atauzwa jioni katika hoteli iliyo umbali wa kutupa jiwe. Jicho la samaki na liwe angavu na la kutuna, mashavu yawe mekundu ndani, na nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi; kama kidole kimeacha shimo, mpishe mwenzio amnunue. Asiye na watu wa kuchanga nao na aende alasiri ufuoni Coco Beach, akanunue mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na chachandu ya pilipili, ale akiitazama Bahari ya Hindi ile ile ambayo hoteli za jirani huitoza kwa kila kiti.

Sitaki kusema kwamba mtu wa kipato kidogo asiingie kamwe katika migahawa ya ghali. Kufanya hivyo ni kukubali ile hukumu niliyoipinga mwanzo. Kuketi mahali pazuri, kuhudumiwa kwa staha, na kuonja upishi wa mtu aliyesomea kazi hiyo, ni sehemu ya maisha ya jiji, na mjini hapa yapo mapishi ya Kichina, ya Kihabeshi, ya Kitaliano na ya Kilebanoni ambayo hayapatikani kwingine nchini kwa urahisi. Lakini aingie kwa maarifa. Kwanza, aende mchana, kwa kuwa migahawa mingi ya mjini kati hupika chakula cha mchana kwa ajili ya watu wa maofisi kwa bei iliyo chini ya ile ya usiku, na mpishi ni yule yule. Pili, atazame sana vinywaji, maana huko ndiko faida kubwa ya mwenye mgahawa iliko. Chupa ya maji inayouzwa dukani kwa shilingi mia kadhaa hupandishwa mara kadhaa ikifika mezani, na mlaji aliyeagiza sahani moja na vinywaji vitatu hujikuta amekunywa fedha zake badala ya kuzila. Tatu, aulize kama bei zilizoandikwa zimejumlisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na kama iko tozo ya huduma juu yake, kwa kuwa mambo hayo mawili huweza kuigeuza hesabu iliyokuwa sawa ikawa deni. Swali hilo na liulizwe mapema, kwa sauti ya kawaida, kabla ya kuagiza. Wenye mali wa kweli huliuliza siku zote; wanaoona haya ni sisi wengine, na haya hiyo hutugharimu.

Katika hoteli kubwa za pwani, ambako chakula cha kujipakulia huweza kuzidi shilingi 50,000 kwa mtu mmoja, mimi nashauri mtu asinunue chakula. Na aende saa kumi alasiri, avae nguo safi, aagize buli la chai, aketi kwenye baraza la juu ambako bandari yaonekana na meli zikiingia, na akae mpaka jua litue. Chai ni chai, haiwezi kupandishwa bei ikafanana na kamba mti. Na kile kinachouzwa kwa kweli mahali hapo, yaani upepo, nafasi na mandhari, atakuwa amekipata chote. Akitoka hapo aelekee mtaani kwa mishikaki, saa yake ikiwa imefika.

Jambo la siha lahitaji kusemwa bila ya kuficha. Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kuenea mikoani, kikaua watu, na uuzaji wa vyakula mahali pa wazi ukapigwa marufuku katika sehemu za jiji. Woga uliobaki kwa baadhi ya watu ni halali, lakini umeelekezwa pasipo penyewe, maana hatari haimo katika ubanda wa banda. Imo katika maji, mikono na chakula kilichopoa. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kitunzwe katika joto lizidilo nyuzi 60 za Selsiasi, na kwa mlaji asiye na kipimo tafsiri yake ni kwamba mvuke uonekane kifuniko kinapofunuliwa. Wali unaofuka, maharage yanayochemka na nyama inayotoka motoni havina neno popote vinapouzwa. Kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi, juisi iliyotiwa barafu isiyojulikana maji yake, na samaki wa kukaanga aliyepangwa kwenye sinia tangu jana, hivyo viepukwe hata vikiwa katika jumba la vioo. Tazama pia vyombo vinaoshwa wapi. Jiko lenye beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na maji ya beseni ya pili yakibadilishwa mbele yako, ni jiko la mtu mwadilifu.

Na mtu asile peke yake akiweza kuepuka. Wawili wakitoka pamoja huonja vyakula viwili kwa bei ya kimoja kimoja, wanne huonja vinne, na sinia moja ya pilau inayoliwa kwa mkono na watu watatu haiwi kamwe na bei ya sahani tatu. Tatizo la wengi ni malipo, kwa sababu utamaduni wetu humwona aliyealika kuwa ndiye mlipaji, na yule asiye na kitu huogopa kualika, akakaa nyumbani. Dawa yake ni kusema tangu njiani kwamba leo tunachanga, kila mtu elfu tano, na mmoja azishike fedha zote. Hapo hakuna mwenyeji wala mgeni, na kinachobaki kikanunulie kahawa.

Mwezi wa Ramadhani hugeuza saa zote hizi nilizozitaja. Katika mitaa mingi majiko ya mchana hufungwa, na tangu saa tisa alasiri meza hupangwa nje ya nyumba, zikiwa na kaimati za shira, sambusa, tambi za sukari, mikate ya kumimina, magimbi na mihogo ya nazi, maboga, ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui na iliki, na uji wa pilipili manga katika ndoo zenye vifuniko. Kununua si kwa waliofunga pekee. Jirani wa dini yoyote hukaribishwa, ila kwa adabu asile hadharani mpaka adhana isikike. Mwenye kutaka chaguo zuri na aende Magomeni au Ilala kabla ya saa kumi na moja, kwa kuwa baada ya hapo watu hujaa, na inapokaribia saa kumi na mbili muuzaji naye anataka kuwahi nyumbani kufuturu, hana wasaa wa kuongea. Anunue kidogo kidogo, kaimati kwa huyu, mkate wa kumimina kwa yule, akiuliza nani amepika nini, maana wengi wa wenye meza hizo ni wapishi wa majumbani ambao katika miezi mingine kumi na mmoja hawauzi chochote, na mikate yao haipatikani dukani wala hotelini kwa bei yoyote.